Paa la Bweni, Mnara wa Taa: Wachezaji wa Life Is Strange na Mwisho Waliougombania

Mimi ndiye niliyeshika pedi ya gemu, lakini mdogo wangu ndiye aliyejua jibu.

Kwenye kioo cha kompyuta, msichana aitwaye Kate Marsh alikuwa amesimama ukingoni mwa paa la bweni. Mvua inanyesha. Wanafunzi wenzake wamejazana chini, baadhi yao wamenyanyua simu kurekodi. Max, mhusika niliyekuwa namwendesha, yuko hatua chache nyuma yake, nami nimepewa maneno machache ya kuchagua. Kwa saa kadhaa gemu lilikuwa limenizoesha jambo moja: ukikosea, rudisha muda nyuma ujaribu tena. Nikabonyeza. Muda ukagoma.

"Dada, si urudishe?"

"Haurudi."

"Haurudi vipi?"

Kate akasema hakuna anayemjali. Nikatakiwa nimtajie mtu wa familia yake wa kumfikiria, nikabaki nimeduwaa, maana chumbani kwake nilipita mbiombio nikitafuta pa kusonga mbele. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka 14, ndiye aliyenizuia kule chumbani ili aangalie picha. "Wadogo zake wa kike," akasema. "Wamo kwenye ile picha." Nikachagua hilo. Baadaye ikaja zamu ya Mathayo 11:28, mstari wa kuwaita wote wanaosumbuka na kulemewa na mizigo, na huo tuliujua wote wawili bila kuangalia popote. Kate akasogea, akaushika mkono wa Max. Mdogo wangu akatoka nje kunawa uso.

Gemu lenyewe ni Life Is Strange, kazi ya studio ya Dontnod ya Paris, iliyochapishwa na Square Enix mwaka 2015. Nitasimulia mpaka mwisho wake, kwa hiyo anayetaka kulicheza bila kujua yaliyomo aishie hapa. Nimelichagua kwa sababu wachezaji wake walilipokea kwa namna mbili zinazoonekana kupingana. Tukio la paa, linaloweza kukupokonya mtu bila kukupa nafasi ya pili, walilipenda na wanalitaja hadi leo kwa heshima. Mwisho wa hadithi, ambao unakupa uhuru kamili wa kuchagua, uliwagawa na kuwaudhi wengi wao, na maudhi hayo yalirudi mapya mwaka 2024. Inakuwaje mtu alisamehe gemu linapomnyima kurudia, kisha alikasirikie linapompa chaguo? Ninavyoona mimi, juu ya paa gemu lilikuwa linamsikiliza mchezaji. Chini ya mnara wa taa liliacha kumsikiliza.

Max Caulfield ana miaka 18. Ni Oktoba 2013, naye amerudi Arcadia Bay, mji mdogo wa kubuni katika pwani ya Oregon, baada ya miaka mitano ya kuishi Seattle. Anasoma upigaji picha katika shule ya Blackwell. Ni mpole kupita kiasi: ana picha nzuri lakini hathubutu kuipeleka kwenye shindano la shule liitwalo Everyday Heroes. Siku moja akiwa amejificha chooni anaona mwanafunzi tajiri, Nathan Prescott, akimpiga risasi msichana mwenye nywele za bluu. Max ananyoosha mkono, na muda unarudi nyuma. Msichana yule anaokoka, na ni Chloe Price, rafiki yake wa utotoni aliyemwacha bila hata barua mara tu baada ya Chloe kufiwa na baba. Kwenye maono Max ameona pia kimbunga kikubwa kikiujia mji. Ana siku chache.

Kwa hiyo ndani ya kisa cha ajabu kuna kisa cha kawaida kabisa cha kukua: binti aliyemtelekeza rafiki yake wakati wa msiba anapewa nafasi ya kurekebisha. Sisi husema maji yakimwagika hayazoleki. Life Is Strange linampa kijana uwezo wa kuyazoa, halafu linamwonyesha siku hadi siku kwa nini wazee walisema vile.

Kwetu magemu ya namna hii hayajakaa kwenye vibanda vya gemu. Pale unalipia mechi, na mechi ni mpira. Hadithi ya saa kumi na zaidi, yenye maongezi ya Kiingereza mwanzo mwisho na isiyo na maandishi ya Kiswahili, haina biashara. Mimi na mdogo wangu tulilicheza kwenye kompyuta ya kuazima, naye akinisimamisha kila mara nimtafsirie. Huenda ndiyo maana alikuwa makini kuliko mimi. Asiyeelewa kila neno huangalia kila kitu.

Na gemu hili limejengwa juu ya kuangalia. Dontnod walishawahi kuchezea wazo la kubadilisha yaliyopita katika gemu lao la kwanza, Remember Me la mwaka 2013, ambamo mhusika huingia ndani ya kumbukumbu za watu na kuzipanga upya. Safari hii wakaondoa mapigano, wakaacha mtu anayetembea, anasoma shajara, anafungua kabati, anazungumza, anapiga picha. Wahusika wakuu wawili ni wasichana, na watengenezaji walieleza wazi kwamba kampuni nyingine walizozifuata zilitaka jambo hilo libadilishwe. Square Enix haikudai hivyo. Gemu likatolewa vipande vipande: sehemu ya kwanza tarehe 30 Januari 2015, ya pili mwezi Machi, ya tatu Mei, ya nne Julai, na ya tano tarehe 20 Oktoba. Kila sehemu ikiisha, unaonyeshwa ni asilimia ngapi ya wachezaji duniani walichagua kama wewe. Ukurasa ule una nguvu isiyosemwa sana. Unakutoa kwenye upweke wako na kukuweka barazani na watu usiowajua, mnajiuliza kila mmoja kimoyomoyo: wewe ulifanyaje?

Sasa nirudi kwa Kate, kwa sababu hapo ndipo ufundi ulipo.

Kate ni binti wa dini, mtulivu, anayeongoza kampeni ya usafi wa moyo kabla ya ndoa. Alialikwa kwenye sherehe ya klabu ya watoto wa kishua, akanywa glasi moja, akapoteza fahamu, na video ya usiku ule ikasambazwa. Shule nzima inacheka. Mama yake anamwonea aibu. Baba yake anasimama naye. Hakuna hata moja la haya linalosimuliwa kwa tangazo. Unayakuta ukitaka kuyakuta: bango limebandikwa, maneno yameandikwa kwenye kioo cha bafu la bwenini pamoja na anwani ya ile video, Kate anafokewa na mkuu wa ulinzi wa shule, simu yake inaita wakati umekaa mgahawani na Chloe na Chloe hataki uipokee. Unaweza kuyafuta yale maandishi kwenye kioo au kuyapita. Unaweza kumkinga Kate dhidi ya yule mlinzi au kupiga picha na kukaa kimya. Unaweza kupokea simu au kuiacha iite.

Kila moja ni jambo dogo. Nilipokea ile simu kwa sababu tu sauti ya kuita ilinikera. Juu ya paa, Kate akaikumbuka. Akakumbuka na mengine yote, moja baada ya jingine, niliyofanya na niliyoyapuuza. Gemu lilikuwa linaweka hesabu muda wote nilipodhani tunapita tu.

Ndipo uwezo wa kurudisha muda unapokatika, na ukatikaji huo una sababu ndani ya hadithi: Max ametumia nguvu kupita kiasi kuusimamisha muda ili afike juu. Mchezaji hawezi kusema ameonewa. Aliyemkosa Kate aliumia, na kwa wengi maumivu yalikuja na kukiri: sikusoma barua zake, sikuingia chumbani vizuri, sikuwa rafiki. Wachezaji waliandika kwa wingi kwamba tukio lile liliwakumbusha mtu fulani wa kweli, au liliwakumbusha wao wenyewe wakiwa shuleni. Watengenezaji walisema walipokea barua nyingi za aina hiyo. Sehemu ile ilitolewa pamoja na anwani ya ukurasa wenye namba za msaada kwa anayefikiria kujitoa uhai, jambo ambalo naliona la lazima na ninalipongeza. Baadaye mwaka huohuo Square Enix ikaendesha kampeni ya picha kwa jina la lile shindano la ndani ya gemu, Everyday Heroes, kwa faida ya kituo cha Marekani cha kupinga uonevu shuleni kinachoendeshwa na shirika la PACER. Desemba 2015 gemu likashinda tuzo ya Games for Impact kwenye The Game Awards, na mwaka 2016 likapata tuzo ya Uingereza ya BAFTA ya hadithi bora. Sioni namna ya kuzielezea tuzo hizo bila paa lile.

Wapo waliolikosoa tukio hilo. Hoja yao nzito ni kwamba maisha ya mtu yanafanywa mtihani wa kukumbuka: taja ndugu sahihi, taja mstari sahihi, umeokoa. Nimeifikiria sana hoja hii. Ni kweli kwamba katika maisha hakuna maneno manne yanayotosha, na ni hatari kijana kuamini kwamba mwenzake alikufa kwa sababu yeye hakujibu vizuri. Lakini mtihani wenyewe unauliza nini? Hauulizi kama unajua kuongea. Unauliza kama uliwahi kumtazama mtu huyu. Kwa watoto wa shule waliozoea kupita tu kando ya anayechekwa, swali hilo ni la haki.

Kwa upande wa lugha, gemu lilichekwa tangu siku ya kwanza. Wahusika wanatumia misimu ambayo vijana wengi wa Marekani waliiona ya kizamani au ya kulazimisha, hasa neno la Chloe, "hella", na midomo haiendi sawa na sauti. Nalipita haraka kwa sababu lilipita haraka: baada ya sehemu ya pili wengi waliacha kulizungumzia, na sauti za Hannah Telle kama Max na Ashly Burch kama Chloe zikawa miongoni mwa mambo yaliyopendwa zaidi.

Baina ya sehemu na sehemu palikuwa na miezi ya kungoja, na katika kungoja huko wachezaji wakawa wapelelezi. Theluji inaanguka siku ya joto. Jua linapatwa. Ndege wanakufa. Nyangumi wanakwama ufukweni. Miezi miwili inatokea angani. Rachel Amber, rafiki wa Chloe, amepotea, na mabango yake yako kila kona. Watu wakakuza picha, wakasoma barua zilizoandikwa kwa herufi ndogo ukutani, wakapendekeza chanzo cha kimbunga: labda familia ya Prescott, labda ardhi yenyewe, labda Rachel. Kutoka tarehe 28 Julai hadi 20 Oktoba ni karibu miezi mitatu. Ni muda mrefu wa kumwachia mtu aliyezoea kusikilizwa.

Sehemu ya nne ilikuwa imewaandaa vibaya kwa maana nzuri. Mwishoni mwa sehemu ya tatu Max, kwa kutumia picha ya zamani, anarudi mwaka 2008 na kumzuia baba yake Chloe asiendeshe gari siku aliyopangiwa kufa. Anarudi leo na kumkuta baba yuko hai, Chloe amepooza mwili kutoka shingoni, familia imezama kwenye madeni ya hospitali, na Chloe anamwomba amsaidie kufa. Unakubali au unakataa. Mdogo wangu alinikataza kuchagua kwa dakika nzima. Kipande hiki kinafundisha sheria ya gemu bila mahubiri: kila wokovu una anayeulipia. Na kinaheshimu majibu yote mawili, kwa kuwa linakupa muda wa kukaa na huyo binti, kuangalia naye filamu, kusoma bili mezani kabla hujaulizwa.

Kisha tunafika chini ya mnara wa taa. Kimbunga kiko baharini. Chloe anampa Max ile picha ya kipepeo wa bluu aliyoipiga chooni siku ya kwanza. Sababu ya kimbunga, tunaambiwa, ni kumwokoa Chloe. Irudie siku ile umwache afe, au ichane picha uuache mji uangamie.

Wachezaji wakagawanyika karibu nusu kwa nusu. Kwa Kiingereza wakapata utani wa maneno mawili yanayotamkwa sawa, Bay na Bae, yaani ghuba na mpenzi, na hadi leo shabiki hujitambulisha kwa upande wake kama mtu wa Simba au Yanga.

Ukimtoa Chloe, muda unarudi chooni, risasi inapigwa, wahalifu wanakamatwa, na tunaona mazishi marefu, yenye muziki, kipepeo akitua juu ya jeneza. Juma zima ulilolicheza halijatokea. Kate yumo miongoni mwa waombolezaji, mzima, lakini yale mazungumzo yenu juu ya paa hayapo tena duniani. Ukiutoa mji, asubuhi inakuja, wasichana wawili wanapita na gari katikati ya vifusi, wanaondoka. Ni mafupi mno. Hakuna anayeulizwa alipo. Joyce, mama yake Chloe, alikuwa kwenye mgahawa. Kate alikuwa hospitalini. Alyssa, msichana ambaye karibu kila sehemu anapatwa na mkosi mdogo ambao Max anaweza kuuzuia, huenda dakika chache zilizopita umemtoa kwenye jengo linalobomoka. Je, wamepona? Kamera inatazama barabara.

Wengi walisema walikasirika kwa sababu uchaguzi wao haukuwa na maana. Siamini kwamba hilo lenyewe ndilo tatizo. Hata Kate akiokoka au asiokoke, hadithi inaendelea kwenye njia ileile kuu, na hakuna aliyelalamika. Tofauti ni kwamba Kate alijibu. Bibi yetu alipotutambia hadithi alianza na "Paukwa!", na tusipoitikia "Pakawa!" kwa nguvu hakuendelea, mwitikio wetu haukuwahi kubadili hata mara moja kama sungura ataponyoka au la, lakini tulikuwa ndani ya hadithi kwa sababu alitungoja. Kwa sehemu nne gemu hili liliita na kungoja. Kwenye sehemu ya tano liliita, mchezaji akaitikia kwa juma lake zima, na msimuliaji akawa ameshasimama kuzima taa.

Kuna kundi lililoumia zaidi, na lina haki ya kutajwa peke yake. Kwa wasichana wengi wanaopenda wasichana wenzao, Max na Chloe walikuwa miongoni mwa wahusika wachache wa gemu kubwa walioweza kuwaona kama wao. Busu la mnarani linakuja, ikiwa umeielekeza hadithi huko, kwenye njia ambayo Chloe anakwenda kufa. Kwenye njia ambayo wote wawili wanaishi, hakuna. Walisoma hapo ujumbe ambao huenda watengenezaji hawakuukusudia. Lakini urefu wa tukio na busu lilikowekwa ni maamuzi, na mchezaji aliyefundishwa kwa miezi tisa kusoma kila kibandiko ukutani hawezi kuambiwa ghafla asisome hayo.

Waliotetea mwisho wa mazishi walikuwa na hoja yenye uzito pia, na mimi mwenyewe nilichagua upande wao. Hadithi ya kukua haina budi kufika mahali ambapo mtoto anaacha kuyazoa maji. Mara ngapi tumemtoa Chloe mdomoni mwa kifo? Chooni, relini mguu wake ulipokwama, na kwingineko. Kila mara tulifurahi, na kila mara anga ilizidi kuharibika. Nililia na nikabonyeza, na bado ningebonyeza. Ninachodai ni kwamba aliyebonyeza kingine alistahili kuonyeshwa alichokichagua kwa dakika zilezile nilizopewa mimi.

Tarehe 29 Oktoba 2024 likaja Life Is Strange: Double Exposure, kazi ya Deck Nine ya Marekani, studio iliyokwisha kutengeneza Before the Storm mwaka 2017 na True Colors mwaka 2021. Max sasa ni mtu mzima, mpiga picha katika chuo kikuu cha kubuni kiitwacho Caledon, Vermont. Kabla halijatoka, waliahidi kwamba miisho yote miwili itaheshimiwa, na kweli mwanzoni unaulizwa Chloe alipatwa na nini. Ukisema yuko hai, unajulishwa kwamba wameachana. Tunaelezwa kwa maneno; hatuonyeshwi. Waliolipia toleo la bei ya juu walipata sura mbili za kwanza wiki mbili kabla ya wengine, kwa hiyo habari ikawafikia mashabiki wote gemu likiwa bado halijafika madukani, na waliofuta oda zao hawakungoja kuona sura ya tatu.

Baadhi ya wachambuzi waliita hasira ile utoto: watu huachana, hasa waliopendana wakiwa na miaka 18. Ni kweli, na kuachana kungekuwa somo zuri la utu uzima. Lakini mtazame mtu aliyeutoa mji mzima kwa ajili ya rafiki yake. Mwaka 2015 alipewa barabara na vifusi bila neno. Akangoja miaka tisa, akijaza mwenyewe kwa michoro na hadithi alizotunga, mahali ambapo hadithi ilimwachia pengo. Aliporudi, akaambiwa kwa mafungu machache kwamba pengo lilishajazwa bila yeye. Wa upande wangu hatukupotezwa chochote: sisi tulishazika. Nimeona mashabiki wa upande wetu wakiwakejeli wenzao, na jambo hilo limenihuzunisha, kwa sababu sisi ndio tuliopewa mazishi na muziki.

Mdogo wangu sasa yuko chuoni. Nilipokuwa naandaa maandishi haya nilimpigia kumuuliza yeye angechagua upande gani, maana usiku ule wa mwisho nilicheza peke yangu yeye akiwa amelala.

"Sijui, dada. Mimi sikufika huko."

Nilidhani alilimalizia baadaye kivyake. Kumbe alilianza upya, akaenda hadi sehemu ya nne, hadi pale Max anapomtembelea Kate hospitalini. Chumba kina maua. Kate amekaa, anazungumza, anatabasamu kidogo. Hapo ndipo alipohifadhi na kuzima, na ndipo lilipo mpaka leo.